Petroli, haibridi au stima: gari gani kwa mtu wa Mombasa?

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili baada ya alasiri. "Mjomba, shikamoo. Pesa ya gari imetimia. Sasa niambie, nichukue la petroli, haibridi ya petroli na umeme, au hili la stima tupu?"

"Marahaba. Gari litalala wapi?"

Akacheka, akadhani namfanyia mzaha. Lakini hilo ndilo swali la kwanza, na asiyelijibu atabaki kupiga porojo za barazani tu. Yeye amepanga Mtwapa, ghorofa ya tatu, na gari litaegeshwa kando ya barabara mbele ya kibanda cha mboga. Kazi yake iko bandarini, Kipevu. Wiki hiyohiyo dada yangu mkubwa naye akaniuliza lilelile. Yeye ana nyumba yake Likoni, ua una geti, mita ya stima ni yake peke yake, na anafundisha Ukunda. Hawa ni watu wa damu moja, na pesa zao zinakaribiana, lakini majibu niliyowapa hayafanani hata kidogo.

Utazame mji kabla hujatazama gari

Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, yakashushwa hapahapa Kilindini, na sheria inataka yasizidi miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Kule yamezoea majira ya baridi. Huku tunayakaribisha kwa joto linalogusa nyuzi 30 karibu mwaka mzima, unyevu wa bahari na upepo wa chumvi. Joto ni adui wa betri ya kila aina, iwe ile ya asidi chini ya boneti au ile kubwa ya lithiamu. Chumvi nayo inakula chasi na vichwa vya nyaya, na haikuulizi gari ulilinunua shilingi ngapi.

Kuna na foleni. Anayetoka Kisauni asubuhi akakwama kabla ya Daraja la Nyali, au anayengoja feri Likoni na jua la saa saba kichwani, hazimi kiyoyozi hata umwambie nini. Gari la petroli lililosimama hivyo, injini inanguruma na kiyoyozi kinavuma, linaweza kula karibu lita nzima kwa saa bila kusogea. Kwa hiyo zile kilomita kwa lita ambazo kampuni imeandika kwenye karatasi ya gari, zisome kama unavyosoma bei ya kwanza ya muuza samaki.

Petroli: usilidharau

Gari la petroli la siku hizi si lile la babu. Mengi yananyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na mgandamizo, yaani kiasi injini inavyobana hewa kabla ya kuichoma, umepandishwa. Injini za Mazda za Skyactiv zilifika 14 kwa 1, wakati za zamani nyingi zilikuwa 9 au 10. Giaboksi nyingi ni za CVT, hazina gia za kuhesabika. Yote haya yanabana mafuta kidogo, lakini yana masharti. Oili ni ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingi 0W-20, nyepesi kama maji ya madafu, si ile nzito inayopimwa kwenye pipa la gereji. CVT nayo ina oili yake. Ukiijaza oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu fundi kasema "zote ni moja", usimtafute mtu wa kumlaumu.

Teknolojia moja sitaki hata kuisikia ni ile ya injini kujizima kwenye taa na kujiwasha yenyewe. Inataka betri maalumu, zenye alama kama Q-85 au M-42, ambazo bei yake iko juu ya betri ya kawaida. Ukifunga ya kawaida, inakufa mapema. Na ukiwasha kiyoyozi kwa joto letu, mara nyingi injini inakataa kujizima, kwa hiyo umelipia betri ghali kwa kazi isiyofanyika. Kuna kitufe cha kuizima. Mimi nakibonyeza hata kabla sijafunga mkanda, wakati kile kisauti cha mama wa Kijapani kinanisalimia kwa maneno ambayo sijayaelewa mpaka leo.

Ukiona yadi zimejaa magari ya 1500cc, ujue ni kodi. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa injini za petroli zinazozidi 1500cc ulipandishwa hadi asilimia 25, zilizo chini zikabaki 20, na gari la umeme tupu likateremshwa hadi 10.

Nguvu ya petroli ni moja, na ni kubwa: kila fundi kuanzia Mwembe Tayari mpaka Lunga Lunga anaweza kulifungua. Mtu anayesafiri ndani Kwale kila wiki, au anayeingia Garsen kwa biashara, ningemwambia abaki nalo bila haya. Dizeli ndogo ya kisasa, hapana, kwa mtu wa mjini. Ina kichujio cha masizi kinachotaka safari ndefu za moto ili kijichome na kujisafisha. Mizunguko ya Tudor na Moi Avenue itakiziba tu.

Haibridi: rafiki wa foleni

Toyota ilianza kuuza Prius Japani mwaka 1997, kwa hiyo hii si teknolojia ya jana. Gari lina injini ya petroli na mota ya umeme. Ukikanyaga breki mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na ukisimama injini inazima. Huchomeki popote. Uzuri wake kwetu uko kwenye kiyoyozi, kwa sababu kompresa yake inaendeshwa na betri, si mkanda wa injini. Kwenye foleni ya Nyali unakaa kwenye baridi, injini kimya, inaamka dakika chache kujaza betri kisha inalala tena. Hata pedi za breki zinadumu, maana kazi kubwa inafanywa na mota.

Haibridi hazifanani. Toyota Aqua na jamaa zake zinachanganya injini na mota. Note e-Power ya Nissan, iliyotoka mwaka 2016, ni kitu kingine: magurudumu yanasukumwa na mota peke yake, injini kazi yake ni kuzalisha umeme. Mjini inapepea kama gari la stima, ila ukiibeba barabara kuu kwa mwendo wa 110 faida inapungua. Honda Fit haibridi ya 2013 ilikuja na giaboksi ya klachi mbili, na Honda iliyaita magari hayo gereji mara kadhaa mwaka wa kwanza kuyarekebisha. Ukipenda hiyo, hakikisha marekebisho yalifanywa.

Watu wanaoshuka kutoka Mazeras kuja Miritini huniambia haibridi yao "inapiga kelele mlimani". Haina ugonjwa. Betri ya haibridi ndogo haifiki hata yuniti moja ya umeme. Mteremko mrefu unaijaza katikati ya safari, na umeme ukikosa pa kwenda gari linaizungusha injini ili kukusaidia breki.

Sasa betri yenyewe. Kwenye haibridi nyingi ndogo imelala chini ya kiti cha nyuma, na inavuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lenye matundumatundu ubavuni mwa kiti. Mimi tundu hilo nililijua kwa gharama. Haibridi yangu, jina lake niliache, iliniwashia pembetatu nyekundu pale Kongowea, Ijumaa mchana. Gereji ya kwanza iliniambia betri imekufa, na bei waliyonitajia ilinitoa jasho kuliko jua. Nikaenda kwa kijana mmoja Kisauni. Alivaa glavu nene za mpira, akachomoa ile plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme mkubwa, akakaa chini akanywa maji, akasema, "Ami, tungoje dakika kumi, huu si wa kuchezea." Kisha akainua kiti.

Feni ilikuwa imejaa nyuzinyuzi za mkeka, makombo ya biskuti za wanangu, na uzi mrefu mweupe wa kanzu uliojisokota kwenye mapanga yake. Akafungua betri. Vile vipande vya shaba vinavyounganisha seli vilikuwa kijani, kijani kabisa, kama senti ya zamani iliyookotwa ufukweni. Chumvi na unyevu. Akavilaza kwenye siki, akavipiga brashi mpaka vikarudi rangi ya dhahabu, akapima volti za kila kipande akinionyesha namba moja baada ya nyingine, akafunga. Pembetatu ikazimika, na haikurudi. Tangu siku hiyo mtu haweki mfuko wa sokoni pembeni ya kiti kile nikamwacha.

Neno moja hapo. Waya wowote wa rangi ya chungwa kwenye haibridi au gari la umeme unabeba volti za kuua. Fundi anayeugusa mikono mitupu, mwache, uondoke na gari lako.

Umeme: joto ndilo hakimu

Gari la umeme linalopatikana kwa wingi kwenye mitumba ya Japani ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010. Betri zake zilianza na yuniti 24, zikaja 30, kisha 40. Ni gari zuri, limetulia, halina oili ya injini wala plagi za kubadilisha. Lakini betri yake haipozwi kwa maji, inapoa kwa hewa inayoipitia tu. Mwaka 2012 wenye Leaf kule Arizona, Marekani, jangwa lenye joto la tanuri, walianza kulalamika kwamba uwezo wa betri unashuka upesi. Mombasa si Arizona, lakini usiku wetu hauna baridi ya kuipoza.

Kwenye dashibodi kuna mistari 12 midogo ya afya ya betri. Mstari wa kwanza unapotea pale betri imeshapoteza takriban asilimia 15, kwa hiyo mistari 12 haina maana betri ni mpya. Tena kuna wajanja wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ili mistari yote irudi kabla ya kuuza. Nenda na kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani pamoja na programu ya LeafSpy kwenye simu, usome asilimia ya afya, kisha uendeshe gari kilomita thelathini ukitazama umeme unavyoshuka. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu lako.

Magari mengine, kama Hyundai Kona ya umeme na mengi ya BYD, yana mfumo maalumu wa kuipoza betri, na BYD hutumia betri za chuma na fosfati zinazovumilia joto na kujazwa hadi mwisho kila siku. Kama mfuko unaruhusu, hizo ndizo za pwani. Ila uliza soketi. Leaf inajazwa haraka kwa CHAdeMO, za Ulaya kwa CCS2, na zilizotengenezewa soko la China zina GB/T. Ukinunua gari lenye soketi ambayo vituo vya njia yako havina, umenunua simu isiyo na chaja.

Sasa safari. Leaf ya yuniti 40 yenye afya ya asilimia 80 imebaki na yuniti 32. Kwa kilomita 6 kwa kila yuniti, kiyoyozi kikiwa wazi, ni kama kilomita 190, na hutaki kuzimaliza zote. Dada yangu kwenda Ukunda na kurudi hafikishi kilomita 60. Anaijaza usiku mmoja, anaitumia siku mbili. Malindi na kurudi ni kama 240, hapo lazima ajaze njiani. Nairobi ni kilomita 480 na ushee, tena kuna jambo watu hawalihesabu: tunaanzia usawa wa bahari na kuishia mita 1,700 juu. Kuliinua gari la tani moja na nusu kimo hicho peke yake kunakula karibu yuniti 7, kabla hujahesabu upepo wala mwendo. Ukirudi Mombasa sehemu ya umeme huo unaipata kwenye mteremko, na hapo ndipo utaona jamaa anaringa kwamba gari lake "limejaza lenyewe".

Nyumbani usichomeke kwenye soketi yoyote iliyo karibu na mlango. Chaja inavuta umeme mwingi saa kumi mfululizo, na nimeshaona plagi ya ampea 13 iliyoyeyuka ikawa kama peremende kwenye ukuta wa nyumba ya zamani. Mwite fundi wa stima avute waya mnene peke yake kutoka kwenye boksi, na swichi yake ya kukata. Tena jua kwamba ukivuka yuniti 100 kwa mwezi unaingia daraja la juu la bei ya nyumbani, na gari litakuvusha tu. Ile bei nafuu ya magari ya umeme iliyoletwa mwaka 2023 haiji kwenye tokeni zako za kawaida.

Wakazi wa Mji wa Kale, Kibokoni na kwingineko ambako hata mkokoteni unapita kwa kupiga hodi, hili bado si lenu, labda muwe na mahali pa kujazia kazini.

Na je, ni safi kweli? Lita moja ya petroli ikiungua inatoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Umeme wa Kenya sehemu kubwa unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji ya mito na upepo wa Ziwa Turkana, kwa hiyo ndiyo, ni safi kuliko petroli. Ila sisi wa Mombasa tunaishi na mitambo ya Kipevu na Rabai inayochoma mafuta mazito, tusijifanye hatuioni.

Mafuta mengine kwa haraka

Ethanoli ya miwa Kenya iliwahi kuichanganya na petroli miaka ya 1980, kutoka Muhoroni, kisha ikaachwa. Huku huikuti kwenye pampu. Haidrojeni ni habari njema za Japani, na gari lake ukilileta utalitumia kama pambo. Mafuta ya mimea nayo si mapya, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900. Gesi ya kupikia ndiyo ningeifikiria kwa mtu wa teksi, maana lita yake ni rahisi na inaungua safi, ingawa kwa lita moja utaenda umbali mdogo kuliko wa petroli na mtungi utakula nafasi ya mizigo. Ifungwe na mtu mwenye kibali, si na anayejaza mitungi uchochoroni.

Hesabu ya mwezi

Tuchukue kilomita 1,000 kwa mwezi, petroli tuiweke shilingi 180 kwa lita. Bei inabadilika kila katikati ya mwezi, na mwaka 2023 ilishavuka 200, kwa hiyo weka namba ya siku yako. Gari la petroli la 1500cc kwenye foleni zetu, kilomita 12 kwa lita, ni kama shilingi 15,000. Haibridi ya kilomita 20 kwa lita ni 9,000. La umeme, ukihesabu na umeme unaopotea njiani wakati wa kujaza, litataka yuniti 175 hivi. Kwa shilingi 28 kila moja, ni 4,900.

Ukitazama namba hizo tu utakimbilia stima. Lakini tofauti ya haibridi na stima ni kama shilingi 4,000 kwa mwezi, na betri ya umeme iliyochoka inaweza kumeza akiba ya miaka. Tofauti ya petroli na haibridi ni 6,000, na betri ya haibridi ni ndogo, inatengenezeka Kisauni kwa siki na brashi. Ndiyo maana kwa mtu asiye na ua wala mita yake, sina shaka yoyote ninapomwambia haibridi. Mwenye ua, mita na njia moja ya kila siku, achukue la umeme, ila alipie betri yenye afya kuliko gari lenye rangi ya kumetameta. Kwenye masika, barabara zikigeuka mito, wote wawili wangoje maji yashuke.

Dada alichukua la umeme. Alivuta waya kwanza, gari likafuata wiki mbili baadaye, na sasa anamuuliza kila mgeni kama alisikia likiingia.

Mpwa wangu nilimsindikiza yadi kuchagua haibridi. Tulipima, tukaendesha, kila kitu sawa. Nikainua kiti cha nyuma, nikawasha tochi ya simu kwenye lile tundu la feni. Kulikuwa na nywele nyeupe, fupifupi, shada zima. Mpwa akachungulia, akarudi nyuma hatua moja.

"Mjomba, hizi ni za mbwa."

"Naona."

"Basi hii gari lazima ioshwe mara saba, na moja kwa mchanga."

"Kiti utakiosha hata mara kumi," nikamwambia, "lakini humu kwenye betri tone la maji haliingii."

Muuzaji, aliyekuwa akitusikiliza na kucheka, alipunguza shilingi elfu ishirini. Feni tuliing'oa wenyewe, tukaipiga upepo na brashi kavu, na kiti kikaanikwa ukutani Mtwapa siku mbili nzima.